Usije Peke Yako: Mwalimu Mwanamize na Alhamisi za Jitihada

Ijumaa ya tarehe 18 Julai 2025, Mwalimu Mwanamize Salehe Ndembo atatimiza miaka sitini na kustaafu kazi ya ualimu aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita. Mitano ya kwanza aliifanya Kilwa, alikozaliwa. Thelathini na mmoja iliyobaki ameitumia yote hapa Shule ya Msingi Jitihada, Kariakoo, akifundisha Sayansi asubuhi na michezo alasiri. Amefanya kazi chini ya walimu wakuu saba. Ukiacha likizo za uzazi na siku za msiba wa mumewe, hakuna anayekumbuka Alhamisi ambayo hakuwepo uwanjani.

Wasifu huu umeandikwa na mwenzake wa ofisini aliyefanya naye kazi kwa miaka mitatu tu. Baadhi ya habari zimetoka kwa waliomjua zaidi. Nyingi amezisimulia mwalimu mwenyewe, akitembea kwa miguu kati ya lango la shule na kivuko cha Magogoni.

Uwanja wetu, kwa wasioujua, ni mchanga na saruji iliyopasuka, umebanwa kati ya madarasa na migongo ya maghorofa ya maduka. Mpira ukipigwa juu sana unatua kwenye marobota ya mitumba ya watu. Mwalimu Mwanamize alipofika mwaka 1994 maghorofa yalikuwa machache, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka, na wasukuma mikokoteni walikuwa wakikatisha katikati ya uwanja kukwepa msongamano wa barabarani. Uongozi ulikuwa umeandika barua. Mlinzi alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu mgeni yeye alipeleka kamba. Aliwapanga wasichana wa darasa la nne kwenye pengo la ukuta, wawili wakizungusha na wengine wakiruka, akawapa sheria moja: anayetaka kupita aruke kwanza mara kumi.

“Mjomba, ruka! Gunia unaliweza, kamba unaiogopa?” waliwaambia wanaume wazima, na foleni nzima ya mikokoteni ikacheka.

Kwa wiki mbili waliruka. Wiki ya tatu wengi wakatafuta njia nyingine. Wawili waliendelea kuja bila mikokoteni, kuruka tu, kila mmoja akihakikisha kwanza kwamba mwenzake yupo. Mwalimu Mwanamize husema hapo alionyeshwa jambo zima kuhusu kazi yake, na kwamba alihitaji miaka mingine kumi na saba kulielewa.

Katika miaka hiyo alifanya kazi kama walimu wengi wazuri wa michezo. Alipiga filimbi, alipanga mistari, alichagua wenye uwezo. Kikombe cha netiboli cha mwaka 2003, kile kilichovunjika sikio moja kwenye kabati la mwalimu mkuu, ni cha kipindi hicho. Vyeti vitatu ukutani pia. Yeye mwenyewe hapendi sana kuvizungumzia. Anapenda kuzungumzia mwaka aliokosea.

Mwaka 2011 darasa la sita lilikuwa na msichana aitwaye Rasha, binti wa Mzee Azzan mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Sikukuu. Rasha alikuwa na mbio ambazo Jitihada haikuwa imeziona. Kila alasiri alikuja uwanjani na rafiki yake Benedikta, mtoto wa fundi aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka hilohilo. Benedikta hakuwa na mbio. Alikuwa na kicheko, na kilipenda kumpata pale pale kwenye mstari wa kuanzia.

Mashindano ya wilaya yalipokaribia, mwalimu alifanya alichofundishwa chuoni: alichagua. Rasha aliingia kwenye kikosi. Benedikta aliambiwa kwa upole akajisomee, ili mwenzake afanye mazoezi kwa utulivu. Jumatatu Rasha alikuja. Jumanne aliumwa tumbo. Jumatano tumbo lilikuwa bado. Kufika Ijumaa hakuwepo yeye, wala wasichana wengine wanne waliozoea kurudi naye nyumbani.

Mwalimu Mwanamize akaamua kwamba anaijua sababu. Binti ni wa familia ya Kiarabu, ameanza kukua, baba amemkataza. Yeye mwalimu ni Mwislamu wa Kilwa, alikuwa ameshawahi kuzungumza na wazazi wengi juu ya jambo hilo, kwa hiyo alijiandaa vizuri. Jumamosi asubuhi alivaa baibui lake la kutokea, akabeba suruali ndefu ya michezo na mtandio mwepesi kama vielelezo, akaenda dukani. Alizungumza robo saa nzima bila kupumua. Alianza na stara, akaenda kwenye afya, akamalizia na heshima ya familia. Mzee Azzan alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza aletewe soda, kisha akainama chini ya kaunta akatoa boksi la viatu.

“Mwalimu, raba hizi nimemnunulia mwezi uliopita. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemkumbusha azibebe. Hataki! Nilidhani wewe umemkaripia.”

Fundi kwenye baraza hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. “Si mmemtoa Bene?” alisema. “Mlitegemea nini?”

Rasha akaitwa kutoka ndani.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Tumbo linaendeleaje?”

Mtoto alitazama boksi la raba, akamtazama baba yake, halafu akasema kile alichotaka kusema wiki nzima: “Sasa mwalimu, nikimbie na nani?”

Mwalimu aliiandika sentensi hiyo siku hiyohiyo, nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo. Mtandio wa kielelezo bado upo kwenye kabati la ofisi yetu; hakubali utupwe, husema ni kumbukumbu ya hotuba yake bora kuliko zote. Benedikta alirudishwa, na wale wanne wakarudi bila kuitwa. Kwenye mashindano Rasha alishika nafasi ya tatu mbio za mita mia mbili. Kwenye mbio za kupokezana Benedikta alidondosha kijiti, akacheka, akakiokota, akamaliza. Timu yetu ilikuwa ya mwisho. Leo wasichana hao wana miaka ishirini na sita, na kila Jumapili asubuhi wanatembea pamoja mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi. Habari hiyo ameitoa Rasha, Benedikta akiwa pembeni akimsahihisha umbali.

Januari iliyofuata Mwalimu Mwanamize alinunua daftari kubwa la jalada gumu, kaunta buku kama tunavyoliita, akapita darasa kwa darasa. Hakuuliza watoto wanapenda mchezo gani. Aliuliza swali moja: “Ukitoka shule, unatoka na nani?” Kila jina aliliandika, pembeni yake akaandika jina la pili, kisha akachora mstari kutoka kwa mtoto hadi kwa rafiki yake. Ukurasa wa darasa moja ukimalizika unafanana na wavu uliotupwa mezani, wenye mafundo mahali na matundu mahali.

Mwaka baada ya mwaka wavu huo ulimwonyesha kitu kilekile. Watoto hawaachi mchezo mmoja mmoja. Mtoto akiacha, fuata mistari yake, na ndani ya wiki mbili utakuta mwingine ameacha, na mwingine. Lakini na kurudi wanarudi hivyohivyo. Mtoto aliyekaa kwenye ngazi muhula mzima anasimama siku moja na kwenda kucheza. Ukimuuliza kilichombadilisha, hasemi alihubiriwa habari za moyo na mapafu. Anasema, “Neema alikuwa anaenda.”

Basi tangu 2012 mtoto aliyekuja kujiandikisha michezo akiwa mwenyewe alipokelewa kwa tabasamu na jibu lilelile: “Karibu sana. Kesho njoo tena, ila usije peke yako.” Na kwa yule aliyeulizwa anatoka na nani akajibu hana mtu, mwalimu hakuandika sufuri wala hakuchora mstari. Aliacha nafasi. Nafasi hiyo aliihesabu kuwa kazi yake ya wiki.

Kundi lililomsumbua kuliko yote lilikuwa wasichana wakubwa, wa darasa la sita na la saba. Wanapofika umri huo wanaanza kuchekwa na wavulana waliojipanga ukutani, na wanaacha kukimbia kimyakimya, kama watu wanaotoka kwenye kikao kabla hakijaisha. Hakuwafukuza wavulana. Alichukua Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, akawafanya wasichana wote wakutane kwanza darasani na kuingia uwanjani kwa pamoja. “Akiingia mmoja wanamtazama yeye,” alisema. “Wakiingia kumi na wawili wanatazama mchezo.” Hiyo ndiyo iliyokuwa Alhamisi ya kwanza. Baadaye ikawa ya kila kundi, la wasichana au la wavulana, ilimradi ni kundi.

Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya wavulana watano wa darasa la saba waliokuwa wakitoroka kwenda kwenye kibanda cha gemu. Kila mwalimu alikuwa ameshawafokea, na kila mmoja alimlaumu Goodluck, aliyekuwa mkubwa wao na mwenye maneno. Mwalimu Mwanamize alifungua daftari. Mistari yao haikwenda kwa Goodluck. Ilikwenda kwa mmoja wao, Filbert, mvulana mpole aliyekuwa na pumu. Filbert hakuweza kucheza mpira wa miguu dakika ishirini bila kifua kubana, na wenzake wanne, bila hata kukubaliana, walikuwa wameamua wasicheze mchezo ambao yeye hawezi. Shule ilikuwa inawaita watoro. Walikuwa wanamsindikiza mwenzao.

Mwalimu alizungumza na mama yake Filbert na muuguzi wa kliniki yake, akaelezwa nini kinaruhusiwa na dawa ya kupuliza itumikeje. Kisha akashona mpira wa soksi na kuwaita watano hao wacheze rede. Mchezo huo mtaani ni wa wasichana: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, walio kati wanakwepa. Mbio zake ni fupi, pumziko ni la mara kwa mara, na Filbert alikuwa na shabaha ya kutisha. Ukutani zikaanza kelele.

“Oya, madada hao! Na sketi mmekuja nazo?”

Goodluck, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kubeba dawa ya Filbert mfukoni, alisimama kati. “We mwenye domo, njoo hapa kati. Ukimkwepa huyu mara tatu nakubebea begi wiki nzima.”

Mwenye domo aliingia. Hakukwepa hata mara moja. Kufika mwisho wa muhula wavulana walikuwa wanapanga foleni wapigwe soksi na Filbert, na kibanda cha gemu kilikuwa kimepoteza wateja ambao sijasikia kwamba kiliwahi kuwapata tena.

Asije mtu akadhani kwamba mwalimu aliyaona haya kwa watoto tu. Kwa miaka kumi na tisa alitembea kutoka shuleni hadi Magogoni kila alasiri kwa ajili ya kuvuka kwenda kwake Kigamboni, akiwa na mlinzi wetu Pantaleo, aliyekuwa anaishi ng'ambo pia. Watu waliwajua njia nzima kwa ubishi wao wa Simba na Yanga. Mwaka 2019 Pantaleo alistaafu. Wiki iliyofuata mwalimu wa michezo wa Jitihada alipanda bajaji. Akapanda na kesho yake. Alipanda kwa miezi mingi, na aliwatangazia wanafunzi mwenyewe, mbele ya mstari wa asubuhi: “Miguu ninayo. Ninayeongozana naye sina. Nanyi msinicheke.” Walimcheka sana.

Mwandishi wa wasifu huu alifika Jitihada mwaka 2022, mgeni, mwenye kupenda kula chakula chake cha mchana na kitabu. Wiki ya pili Mwalimu Mwanamize alisimama mlangoni na kumuuliza lile swali, kwa sauti ileile anayotumia kwa darasa la tatu. Jibu lilikuwa fupi: peke yangu, nami naishi Kigamboni. “Basi twende,” alisema, akachukua mkoba. Mgeni yule aliamini kwa miezi kadhaa kwamba anamsaidia mama mtu mzima kufika kivukoni.

Februari mwaka huu kikao cha walimu kilijadili kuigeuza saa ya Alhamisi kuwa masomo ya ziada ya Hisabati kwa darasa la saba. Wazazi waliomba, na matokeo ya mtihani wa majaribio hayakuwa mazuri. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwalimu Mwanamize alitoka nje, akarudi na wanafunzi wawili waliobeba kaunta buku kumi na nne, akaziweka mezani mbele ya mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Zakayo.

“Waiteni wazazi wasome nani anatoka na nani,” alisema. “Wakimaliza kusoma, wafute wenyewe.”

Mwalimu Zakayo alizifungua mbili, akazisoma kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Uamuzi wake ulikuwa wa haki: Alhamisi itabaki mpaka mwenye nayo astaafu. Baada ya hapo itaendelea iwapo mwalimu mwingine ataichukua kwa maandishi kabla ya tarehe 18 Julai. Asipopatikana, itakuwa Hisabati. Fomu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Ilikaa tupu Machi. Ilikaa tupu Aprili na Mei. Tulikuwa tukiipita tukiwa na sababu zetu nzuri: watoto wadogo nyumbani, magoti, biashara ndogo za jioni. Mwandishi alikuwa na sababu nzuri kuliko wote, hajui kupuliza filimbi, na watoto sitini wakimtazama kwa pamoja husahau alichotaka kusema. Mwalimu Mwanamize hakumwomba mtu. Njiani alizungumzia mambo mengine yote, bei ya nazi, wajukuu, pantoni kuchelewa. Fomu hakuitaja hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia.

Mwanzoni mwa Juni, wakati tunasubiri geti la pantoni lifunguliwe, niliamua nikamwambia. Kesho nitasaini mimi.

Alinishika mkono. “Asante mwanangu,” alisema. “Karibu sana. Ila usije peke yako.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza kwamba mtu mmoja ataibeba Alhamisi mpaka siku atakapougua, au atakapochoka, au atakapohamishwa, na siku hiyo itakufa bila kelele kama vile Rasha alivyoumwa tumbo. Likizo yote ya Juni niliishi na jibu hilo. Kuwaongoza watoto nilikuwa nimeshajipa moyo. Kumwomba mtu mzima mwenzangu anifuate sikuwa nimejipa.

Shule ilipofunguliwa nilimfuata mwalimu wa Hisabati, Mwalimu Stella, ambaye ndiye angepewa saa ile.

“Mimi?” alisema. “Dada, mimi nikipanda ngazi ya ofisi naona nyota.”

“Ndiyo maana nimekuja kwako.”

“Na vipindi vyangu vya ziada?”

“Tuchukue Jumanne. Mimi nitakuachia kipindi changu cha mwisho.”

Alifikiri, akiwa bado ameshika chaki. “Filimbi sipulizi.”

“Hata mimi.”

“Sasa itakuwaje?”

Akaanza kucheka, na alikuwa bado anacheka tulipofika kwenye ubao. Majina mawili yaliandikwa Jumatano ya tarehe 9 Julai, na Mwalimu Zakayo akagonga muhuri. Kesho yake saa tisa na nusu tuliiongoza Alhamisi yetu ya kwanza, mwenye nayo akiwa amekaa kwenye benchi mikono mapajani, akijizuia waziwazi. Filimbi ilitoa upepo mtupu. Watoto walisubiri kidogo, wakatazamana, halafu wakaanza kucheza.

Kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi wa Jitihada, Mwalimu Mwanamize, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa kamba, kwa soksi, na kwa kosa ulilokubali kulisimulia kila mwaka ili sisi tusilirudie. Asante kwa kutufundisha kumtafuta mtoto kupitia rafiki yake. Tunakuombea afya njema, wajukuu wenye makelele, na miguu isiyozoea bajaji.

Daftari la kumi na tano tumeshalinunua. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, watoto wameandika jina lako. Pembeni yake tumeacha nafasi, na tunaihesabu kuwa kazi yetu ya wiki.

Alhamisi ya kwanza baada ya kustaafu kwako ni tarehe 24, saa tisa na nusu kama kawaida. Karibu sana, mwalimu. Ila usije peke yako.